Saba Hamsini Kumi na Sita

Mume wangu hamwonei mtu wivu kwa shamba, kwa cheo wala kwa mke. Wivu wake wote uko kwenye matairi. Tukipita Ilesi kwenye barabara ya Kisumu, pale wageni wanaposhuka kupiga picha Jiwe Linalolia, yeye hulipa jiwe mgongo akainama kuyatazama magurudumu ya Prado iliyowaleta. Nikimwuliza ameona nini, hunijibu kwa namba.

Kwa hiyo siku shemeji alipotangaza kwamba wakwe wa Ileho wamekubali tupeleke ng'ombe wa mahari, mimi niliwaza sare, chai na nani atakaa na kuku. Mume wangu, Baba Khasandi, aliwaza magurudumu. Hakukosea kuanzia hapo, nikubali. Matairi ya pikapu yalikuwa yamepasuka ubavuni nyufa ndogo ndogo, na Khasandi, ambaye yuko kidato cha tatu na anasoma kila kilichoandikwa popote, alipata tarakimu nne kwenye ubavu wa moja: 1408. Akatueleza kwamba hiyo ni wiki ya 14 ya mwaka 2008. Tairi lilitoka kiwandani yeye akiwa bado ananyonya.

Pikapu yenyewe ni Land Rover 109, Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma, na utazihisi zote ukitaka kukata kona. Marehemu baba mkwe aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali ikiwa imeshachoka. Alipenda kusema kwamba iliunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland ambacho siku hizi kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kwa hiyo ni mzaliwa wa hapa na inaelewa matope. Imebeba miwa, mahindi, maiti, na Krismasi moja ilibeba kwaya nzima pamoja na kinanda. Usukani wake hauna pawa. Ukitaka kuugeuza gari likiwa limesimama, uwe umekula ugali.

Mama, yaani mama mkwe, hajawahi kuiendesha hata hatua moja. Lakini ndiye aliyekuwa akiuza magunia ya mahindi ili Mzee anunue matairi, na ndiye aliyekuwa akitumwa mjini na pesa zimefungwa kwenye leso. Duka hukosea, kwa hiyo alikariri. Baba Khasandi alipoanza kufungua simu kwenye meza ya chakula kutuonyesha picha, Mama aliendelea kumega ugali wake, kisha akasema, "Saba hamsini kumi na sita."

"Mama, hiyo ni ya zamani."

"Na gari ni la lini?"

Hapo ndipo vita vilipoanzia, na kwa kuwa mimi nilioshea vyombo katikati yake, naweza kuieleza hiyo namba. Saba hamsini ni upana wa tairi: inchi saba na nusu. Kumi na sita ni kipenyo cha rimu, inchi vilevile. Hakuna namba ya tatu kwa sababu matairi ya wakati huo yalikuwa na ubavu unaokaribia kulingana na upana, kila mtu alijua, hakukuwa na haja ya kuandika. Land Rover ndefu ilivaa hiyo. Ile fupi, ya inchi 88, ilivaa 6.00-16. Mzee aliwahi kuivalisha yetu matairi ya ile fupi msimu mmoja wa ukata, na Mama anakumbuka jinsi ilivyoanza kusema uongo. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na saa ya mwendo huhesabu mizunguko tu, haijui tairi lina ukubwa gani. Gari likienda 80, saa ilionyesha karibu 88. "Tulikuwa tunakimbia bila kufika," ndivyo Mama anavyosema.

Baba Khasandi hakutaka matairi madogo. Alitaka mapana. Tairi jembamba, alisema, ni la mkokoteni, na mtu hawezi kwenda kwa wakwe na mkokoteni. Pesa za tangi la maji zilikuwa kwenye akaunti ya chama, nikasikia kwamba tutaziazima kidogo.

Jumamosi alirudi na rimu nne za Land Cruiser, nzuri kabisa, zimepakwa rangi ya fedha, zimepangwa nyuma ya bodaboda moja kwa namna ambayo polisi yeyote angeshangaa. Aliinua gari kwa jeki, akatoa gurudumu la zamani, akainua rimu mpya hadi kifuani, akaipeleka mahali pake. Ikagonga, ikakataa. Akaizungusha kidogo, akajaribu tena. Boliti moja iliingia, ya pili ikaegemea ukingo wa tundu, ya tatu ikatazama chuma kitupu. Watoto walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa banda la ng'ombe. Mdogo wetu, ambaye shuleni ndiyo kwanza wamefika kuhesabu vitu, alinyoosha kidole akahesabu matundu kwa sauti. Sita. Kisha akahesabu boliti za gari. Tano.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Mayi! Hata mtoto!"

Fundi wetu wa Khayega alipokuja alimpa pole kwanza, ndiyo heshima ya kazi, halafu akaeleza kwamba hata matundu yangekuwa matano bado yangeweza kukataa. Boliti za gurudumu hukaa kwenye duara, na duara hilo lina kipenyo chake. Kwa Land Rover ni milimita 165.1, inchi sita na nusu. Kwa zile za Land Cruiser ni 139.7. Ugumu ni kwamba boliti zikiwa tano, hakuna inayotazamana na mwenziwe, kwa hiyo huwezi kuweka rula kutoka hii hadi ile ya mkabala ukasoma jibu. Khasandi alikwenda kuleta kikokotoo. Akapima kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya jirani yake, akapata milimita 97, akagawanya kwa mara mbili ya saini ya nyuzi 36, akazidisha kwa mbili, akapata 165. Fundi alimtazama kwa muda. Alimwambia akimaliza shule aje. Na mimi nikasema akimaliza shule ataenda Masinde Muliro kusoma uhandisi, asante.

Mtu mwingine angerudi kwenye saba hamsini siku hiyo. Mwanamume aliyechekwa na mama yake mbele ya watoto harudi. Kwanza alitaka kuonyesha kwamba mambo ya zamani hayamhusu tena: ile rimu ya akiba ya zamani, ambayo ilikaa juu ya boneti tangu enzi za Mzee, akaipeleka kwa shule ya msingi iliyo jirani, iliyokuwa haina kengele. Wakaitundika kwenye mparachichi. Tulianza kuisikia asubuhi ya Jumatatu, na lazima niseme ina mlio safi.

Kisha akagundua Discovery. Discovery za kwanza ni ukoo mmoja na Land Rover za zamani kwa upande wa boliti: matundu matano, duara lilelile. Akapata rimu za chuma za inchi 16, na juu yake matairi ya 265/75R16 ambayo hayakuwa yameisha. Safari hii alijiandaa. Alimkalisha Khasandi mezani na karatasi mbele ya Mama, kama wakili anayeleta shahidi. Milimita 265 ni upana. 75 ni asilimia: ubavu ni robo tatu ya upana, yaani 198.75. Mara mbili, kwa sababu kuna ubavu juu na ubavu chini, 397.5. Ongeza rimu, inchi 16, ambazo ni 406.4. Jumla 803.9. Kisha wakafanya hesabu ya 235/85R16, ambayo ndiyo saizi ya kisasa inayochukua nafasi ya saba hamsini bila ubishi: 805.9.

"Tofauti ni milimita mbili," Baba Khasandi akasema. "Mbili, Mama! Saa haitasema uongo, gari halitainama, hakuna kitakachobadilika."

Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa imepima urefu, basi. Sentimita tatu zilizoongezeka upande hazikuulizwa swali lolote, na tena rimu ya Discovery haikai mahali ilipokaa ya zamani. Sahani yake ya katikati imejongezwa kwa namna inayoliingiza gurudumu ndani zaidi, kuelekea springi. Kwa hiyo tairi likanenepa na papo hapo likasogea karibu na chuma. Fundi aliugeuza usukani mpaka mwisho tukasikia mkwaruzo. Akarudisha, akageuza upande wa pili: mkwaruzo. Dawa yake ni boliti inayozuia gurudumu lisikate kona zaidi ya hapo. Akaizungusha ikatoka nje kidogo kila upande, mkwaruzo ukaisha. Kilichokwisha pamoja nao ni kona. Gari ambalo tangu kuzaliwa lilihitaji kama mita 14 ili ligeuke sasa lilihitaji shamba.

Boma letu halina mita hizo. Unaingia langoni, unapita kati ya mparachichi na jiko la Mama, unazunguka, unatulia mbele ya nyumba kubwa. Mzee alikuwa akifanya hivyo kwa mkono mmoja, mwingine ukisalimia watu. Jioni hiyo Baba Khasandi aliingia, akakata, akasimama, akarudi nyuma, akakata tena, jasho likimtoka maana tairi pana kwenye ardhi kavu ni kama kusukuma kabati. Mara ya mwisho aliporudi nyuma, kona ya jiko la Mama ilitoa sauti ndogo, na kipande cha udongo cha ukubwa wa meza kikaanguka na mti wake.

Mama alitoka na mwiko wenye ugali. Hakutazama ukuta. Alitazama gurudumu kwa muda mrefu, akaliinamia, akasoma ubavuni kwa kidole maana miwani ilikuwa ndani.

"Hii si saba hamsini," akasema, akarudi jikoni, akafunga mlango ulio karibu na tundu.

Siku ya mahari ilifika na mvua yake. Mji wetu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi kati ya hizo huona ni adabu kuja baada ya chakula cha mchana. Tuliondoka tukiwa tumechelewa, kwa sababu mtamba alikataa kupanda. Mbele tulikaa watatu: Baba Khasandi kwenye usukani, Mama katikati akiwa na kitenge kipya, mimi mlangoni na chupa mbili za chai. Nyuma alisimama mtamba, amefungwa kwenye fremu, pamoja na ngoma tatu za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo. Wachezaji wenyewe walifuata kwa bodaboda. Kwenye lami gari lilikwenda vizuri, hata nikaanza kuomba msamaha kimoyomoyo. Watu waligeuka kututazama. Baba Khasandi alitoa kiwiko dirishani.

Halafu tukaacha lami.

Njia ya kuingia kwa wakwe inashuka bondeni, inavuka kijito, inapanda. Udongo ni ule mwekundu wetu, mgumu chini, na juu yake mvua hutandaza tabaka la vidole vinne la kitu ambacho si maji wala si ardhi. Hapa ndipo wembamba unapopata kazi yake. Tairi jembamba hubana uzito wote wa gari kwenye eneo dogo, likakata hilo tabaka na kushika pale chini pagumu. Tairi pana huugawa uzito uleule, likabaki juu. Kwenye mchanga wa ufukweni ndilo ungelitaka, na wenzetu wa Malindi wana haki ya kuwa na maoni tofauti na yetu. Isitoshe, matairi haya yalichongwa kwa ajili ya lami. Mifereji yake ilijaa udongo kabla hatujamaliza kushuka, na kuanzia hapo tulikuwa na maandazi manne.

Baba Khasandi alibonyeza kile kirungu cha manjano, magurudumu yote manne yakaanza kuvuta. Yakaanza kuteleza yote manne. Akavuta kile chekundu, gia nzito ikaingia, tukateleza kwa heshima zaidi. Gari lilielekea kulia huku usukani umeelekea kushoto, na kwa kuwa ile boliti ya fundi wa Khayega ilikuwa imezuia kona, hapakuwa na usukani mwingine wa kuongeza. Tuliingia mtaroni polepole sana. Mama alipata muda wa kunipa mkoba wake, kuvua viatu na kusema "sasa."

Mtamba alibaki amesimama kwa mlalo, akafikiri, akakata kamba, akashuka. Alipanda kilima peke yake. Baadaye tuliambiwa alifika kwa wakwe kabla yetu, akaingia langoni bila mtu, na wazee waliokuwa wamekaa kwenye turubai wakasimama kumpokea.

Wachezaji walipofika walishusha ngoma kwanza, wakaziweka chini ya mgomba zisilowe. Isukuti ni ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, lakini alasiri hiyo waliohitaji kulindwa haraka tulikuwa sisi. Wapigaji watatu walibaki na ngoma, wengine wakavua viatu, wakaweka mabega. Mpiga ngoma kubwa alitoa mdundo, mwimbishaji akatunga papo hapo wimbo kuhusu mtu aliyevaa viatu vya kuazima kwenda posa, na kwenye kila kiitikio wakasukuma. Wimbo ulikuwa na jina la mume wangu ndani yake. Unaimbwa hadi leo, nimeusikia uwanjani Bukhungu.

Tulifika jioni, wekundu kuanzia kichwani. Wazee wa upande ule walitutoza jogoo kwa kuchelewa na mwingine kwa kumtuma ng'ombe atangulie kuzungumza. Msemaji wao alizunguka gari mara moja, mikono mgongoni, akauliza kwa upole kama matairi hayo ni ya trekta. Mama akajibu, akiwa bado ameshika viatu mkononi, kwamba gari hili kwa kawaida huvaa saba hamsini kumi na sita, na kwamba mwanawe alikuwa anayajaribu haya kwa ajili ya rafiki. Ni uongo pekee ambao nimewahi kumsikia akisema, na aliusema vizuri.

Kwa hiyo saba hamsini ikaanza kutafutwa. Enzi za Mzee ungesema tairi la Yana, basi. Ile Firestone ya Nairobi iliyolitengeneza, iliyoanza mwaka 1969 na baadaye ikaitwa Sameer Africa, ilifunga kiwanda mwaka 2016, na tangu hapo ni tairi la kigeni. Saizi yenyewe haijapotea, kwa sababu Canter zinaivaa. Mji mzima una 7.50-16. Tatizo ni kwamba la Canter lina plai 14 au 16, limejengewa tani za mawe. Ukilifunga kwenye Land Rover tupu, kila tuta litakusalimia kwenye uti wa mgongo. Tulitaka plai 8, na tyubu zake, na mtu wa duka ambaye hangetuuzia la lori akatuapia ni lilelile. Mama alikwenda mwenyewe. Alirudi na matano, pamoja na karatasi ya upepo aliyoandikiwa na Mzee zamani na kuihifadhi kwenye Biblia: 25 mbele, 36 nyuma likiwa na mzigo.

Matairi matano yanataka rimu tano. Nyumbani zilikuwepo nne, nyuma ya banda la kuku. Ya tano ilikuwa kwenye mparachichi wa shule.

Baba Khasandi alimwendea mwalimu mkuu Jumatatu, akiwa amevaa koti. Mwalimu mkuu alimsikiliza, akampa kiti, akamweleza kwamba shule haiwezi kurudisha mchango uliokwisha kuingizwa kwenye daftari la mali ya shule na kushangiliwa na kamati ya wazazi. Lakini mbadala unaweza kuzungumzwa, mradi usikike mpaka darasa la mwisho kule bondeni. Ndipo zile rimu nne za fedha, zenye matundu sita, zikapakiwa kwenye mkokoteni. Zilipangwa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya walimu, na mume wangu akapita akigonga moja moja kwa spana, huku walimu wamesimama barazani na watoto wamejaa madirishani. Ya kwanza ilisemekana inakohoa. Ya pili na ya tatu walibishana. Ya nne ikachaguliwa na mwalimu wa muziki, aliyeomba igongwe tena, akafumba macho, akasema ina sauti ya kati.

Rimu ya Mzee ikashuka mtini, ikafungwa kwenye boneti ilikotoka. Tatu za fedha zikabaki. Jumapili, baada ya ibada, mchungaji alimsogelea Baba Khasandi akataka kujua kama kati ya hizo kuna yenye mlio mzito kidogo kuliko ya shule, maana waumini wa upande wa shule huchanganya saa. Baba Khasandi akafikiri, akamtajia bei, kisha akaniomba nimletee spana.